Umeme wa gatini: nyota tatu na nusu kutoka kwa fundi wa chini ya sitaha

Jenereta namba mbili iliposimama, mpaka mafuta wetu, yule kijana wa kulainisha mashine, alivua viziba masikio akanitazama kwa wasiwasi. "Kaka, meli imezimika?" Haikuwa imezimika. Taa zilikuwa zinawaka, pampu zinazunguka, na makontena ya baridi karibu mia mbili kule juu yanapoza kama kawaida. Kilichokosekana ni kelele. Katika miaka kumi na mmoja ya kazi melini, chumba cha injini nilikuwa nimekisikia kimya mara chache tu: tukiwa kwenye chelezo, yaani gati kavu la matengenezo, au siku ya balaa. Safari hii tulikuwa gatini, kreni zinapakua, nami kule chini nasikia tone la maji likidondokea sahani iliyo chini ya pampu.

Tulikuwa tumeunganishwa na umeme wa nchi kavu. Watu huandika tathmini za simu, za hoteli, za viatu. Mimi nimeamua kutathmini plagi. Ni fundi umeme wa meli ya makontena, na katika mkataba wangu uliopita, wa miezi saba, tuliingia bandari nne zenye huduma hii. Tuliunganishwa katika tatu. Ya nne nitaisimulia kwa sababu ndiyo iliyonikera kuliko zote. Majina ya bandari na ya kampuni hamtayapata hapa, maana mkataba mwingine bado nautafuta.

Kwa msomaji asiye baharia: meli ikifunga kamba gatini haizimi kila kitu. Injini kubwa inayozungusha rafadha inapumzika, lakini jenereta zinaendelea usiku na mchana, kwani lazima kuwe na taa, viyoyozi, pampu, kompyuta za shehena, winchi, na zaidi ya yote yale makontena ya baridi. Jenereta hizo ni injini za dizeli, kila moja ina ukubwa wa basi dogo. Moshi unaouona ukitoka kwenye bomba la meli iliyosimama ndio huo. Wazo la umeme wa gatini ni jepesi hata mtoto angelibuni: zima jenereta, chomeka waya. Kazi iko kwenye kuchomeka.

Meli nyingi za dunia hii hutumia umeme wa hezi 60, yaani unaopiga mara 60 kwa sekunde, wakati nchi nyingi umeme wake ni wa hezi 50. Kwa hiyo bandari haiwezi kuvuta waya kutoka nguzo ya jirani ikakupa. Inabidi ijenge jengo zima la kugeuza masafa, yaani hizo hezi, liwe na transfoma zake na breka zake, kisha ipitishe kebo chini ya sakafu ya gati hadi kwenye mashimo ya soketi yaliyo ukingoni. Umeme unaokuja ni wa volti 6,600. Huo si umeme wa kuchezea. Ukikosea utaratibu hupati mshtuko wa kukuwezesha kusimulia baadaye. Ndiyo maana kuna kiwango cha kimataifa kinachosema plagi iwe ya namna gani, pini ndogo za ulinzi zikae wapi, na breka ikatike vipi endapo plagi itachomoka hata kidogo. Kwa meli za makontena, kebo hubebwa na meli yenyewe: mbili nene kama mkono wa mtu mzima, zimeviringwa kwenye rili kubwa kule nyuma, zinateremshwa taratibu kwa kidhibiti cha mkononi huku jamaa wa gatini wakizipokea.

Hapo kwenye bandari ya kwanza niwape haki yao. Siku tatu kabla hatujafika walituma fomu, wakataka michoro yetu, mzigo wa juu wa umeme tunaoutarajia, na jina la mtu wa kuzungumza naye. Tulipofunga kamba, walikuwepo watatu tayari wamevaa glavu na ngao za uso. Mmoja alipanda melini, tukakaa naye chumba cha udhibiti, tukapitia orodha mstari kwa mstari: swichi ya ardhi iko wapi, nani ana ufunguo, nani anasema "washa" na kwa redio ya njia ipi. Kebo zikateremka, plagi zikaingia, taa ya mzunguko wa ulinzi ikageuka kijani. Akawasha umeme hadi kwenye kabati letu. Nikapima kwanza mpangilio wa fezi, yaani nyaya tatu za umeme zinafuatana vipi, kwa sababu ukikosewa huo pampu zote zitazunguka kinyume, halafu nikaanza kuoanisha.

Kuoanisha ndiko kunakopandisha roho kooni. Jenereta ya meli na umeme wa nchi kavu ni sawa na watu wawili wanaotwanga kinu kimoja: lazima michi ipishane kwa mpigo sahihi. Nchi kavu haikufuati wewe. Ni wewe unayeirekebisha jenereta yako, mwendo kidogo juu, kidogo chini, mpaka mshale wa kipimo utambae polepole kuelekea saa sita. Ukifika, breka inafunga yenyewe. Ukasikika mlio mmoja wa "ko", taa hazikupepesa hata kidogo. Kisha unahamisha mzigo kidogo kidogo hadi jenereta ibaki bure, unafungua breka yake, unaiacha ipoe kwa dakika chache, unaizima. Tangu kebo kuteremka hadi kimya kile, ilikuwa saa moja na dakika kumi.

Tulichokipata kwa saa 20 za kuchomekwa ni hiki, nami hesabu nilizifanya mwenyewe kwenye daftari. Mzigo wetu ulikuwa wastani wa kilowati 1,200. Kwa saa 20 hizo ni uniti 24,000. Jenereta zetu hula takriban gramu 215 za mafuta kwa kila uniti, kwa hiyo tuliokoa tani 5 na ushei za dizeli ya melini. Kila tani ya dizeli hiyo ikiungua hutoa tani 3.2 za kaboni dioksidi. Jumla tani 16 na nusu hazikutoka kwenye bomba letu, pamoja na masizi na oksidi za nitrojeni ambazo daftari langu halina safu yake. Juu ya hapo wahandisi wa zamu walifungua vichwa vya jenereta mbili kwa utulivu, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa mashine ya jirani ikikuungurumia sikioni. Na watu walilala. Mpishi, ambaye kitanda chake kiko upande wa bomba la moshi, aliniuliza kama huduma hii inapatikana baharini pia.

Lakini kwa nini bandari ile ilikuwa na watu watatu wenye glavu, na ile ya nne, ambayo ina vifaa vipya zaidi, haikuwa na mtu? Hapo ndipo tathmini ya plagi inapogeuka tathmini ya sera.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Bandari ya Gothenburg, Sweden, iliunganisha meli kwa umeme wa volti kubwa mwaka 2000. Los Angeles walifuata 2004 kwa meli za makontena, na wao hawakuanza kwa sababu ya tabianchi. Wakazi wa karibu na bandari walichoshwa na moshi, wakaenda mahakamani kupinga gati jipya, na soketi zikawa sehemu ya makubaliano ya kumaliza kesi. Yaani huduma hii ilidaiwa na mapafu ya watu kabla ya hesabu za kaboni. Baadaye jimbo la California likatunga kanuni mwaka 2007: kampuni ya meli ilitakiwa kupunguza matumizi ya jenereta gatini kwa asilimia 50 kuanzia 2014, 70 kuanzia 2017, na 80 kuanzia 2020. Toleo jipya, linalotumika tangu 2023, limekaza zaidi. Halitazami tena wastani wa kundi la meli. Linatazama kila ziara, na wajibu umegawanywa kati ya meli, mwendesha gati na bandari yenyewe.

Huo mgawanyo wa wajibu kwangu ndio siri yote. Nimefanya kazi chini ya sera za aina mbili. Kuna ile inayoipa bandari fedha za kujenga soketi, waziri anakuja kukata utepe, basi. Na kuna ile inayosema: wewe bandari usipotoa umeme una kesi, na wewe meli usipouchukua una kesi. Ya kwanza huzalisha picha. Ya pili huzalisha watu watatu wenye glavu saa kumi alfajiri.

Bandari yetu ya nne ilikuwa ya aina ya kwanza. Soketi zilikuwepo, niliziona kwa macho yangu, mfuniko wa chuma umepakwa rangi nzuri ya buluu na maandishi ya fahari. Tulituma ombi kupitia wakala wiki nzima kabla. Jibu likaja kwamba huduma inahitaji mkataba kati ya mmiliki wa meli na shirika la umeme. Ofisi yetu ikajibu mkataba huo unashughulikiwa. Tulipofika, mtu wa ufunguo yuko likizo. Sikutunga hilo. Tukakaa saa 31 gatini jenereta mbili zikiunguruma, mita zisizozidi kumi na tano kutoka kwenye ule mfuniko wa buluu. Niliukanyaga nikienda kusoma alama za kina cha maji, nikajisikia kama mtu mwenye kiu aliyekalia kisima kilichofungwa kwa kufuli. Nina hakika kwenye ripoti ya nchi ile soketi hizo zimehesabiwa.

Umoja wa Ulaya nao umeamua kukaza pande zote mbili, ingawa kwa mwendo wa kobe. Kuna kanuni moja inayozibana bandari kubwa ziwe na umeme wa kutosha kwa meli za makontena na za abiria ifikapo mwisho wa 2029, na kuna nyingine inayozibana meli hizo, zile za tani 5,000 za ujazo kwenda juu, ziutumie kuanzia Januari 2030 kila zikikaa gatini zaidi ya saa mbili. Adhabu ya kukwepa imewekwa kwenye euro 1.5 kwa kila uniti ya umeme unaokadiriwa meli ingehitaji. Nilichukua ile hesabu yangu ya uniti 24,000 nikazidisha: euro 36,000 kwa ziara moja. Nikampelekea chifu, yaani mhandisi mkuu wetu, ambaye tangu mwanzo alikuwa anaiita rili ya kebo "kontena lisilolipa". Aliitazama karatasi, akanyamaza, kesho yake akaniagizia vipuri vya rili nilivyokuwa naviomba tangu mwezi wa pili. Wapo wanaosema adhabu za fedha hazibadilishi tabia. Hawajakutana na chifu wetu.

Sasa niseme yaliyonipunguzia furaha.

Bandari ya tatu, saa nane na dakika kumi usiku. Maji yalikuwa yanajaa, na wakati huohuo kreni zilikuwa zinapakua kwa kasi, kwa hiyo meli ilikuwa inapanda kwa sababu mbili. Rili inatakiwa kuachia kebo yenyewe meli inapopanda. Ilikuwa imewekwa kwenye mkono badala ya kujiendesha, na hapo nakiri nusu ya kosa ni langu, kwani sikuikagua baada ya zamu kubadilishana. Kebo ikakaza, kengele ikalia, mfumo wa ulinzi ukafanya ulichotengenezwa kufanya: ukakata. Giza. Kwa sekunde kama ishirini hivi meli nzima ilikuwa haina umeme, kisha jenereta ya akiba ikajiwasha, ikachukua mzigo, na skrini yangu ikajaa kengele za makontena ya baridi kama mtu aliyemwaga gunia la choroko. Hakuna aliyeumia, hakuna kilichoharibika. Ila nilipopiga redio kumwita mtu wa gatini ili tuunganishe upya, nilijibiwa na ukimya. Alikuwa ameshamaliza zamu, na zamu iliyofuata haikuwa na mtu mwenye cheti cha volti kubwa. Tulisubiri hadi saa moja asubuhi tukichoma dizeli. Plagi iko ndani ya soketi, soketi ina umeme, na hakuna binadamu wa kusema "washa".

Sera zote nilizosoma zinazungumzia megawati. Ni chache zinazozungumzia zamu. Huduma ya umeme gatini ni watu kabla ya kuwa nyaya, na mafundi wa volti kubwa hawaokotwi. Wanafunzwa, wanalipwa, na wanahitaji mtu wa kuwapokea saa nane usiku. Hata upande wa meli, mafunzo niliyopewa yalikuwa video ya dakika arobaini na faili la kurasa mia mbili ambalo nusu yake lilihusu rili ya kampuni nyingine.

Halafu kuna boila. Siku ya kwanza, tukiwa tumeungana vizuri na jenereta zote zimezimwa, alikuja mgeni kutoka ofisi ya mazingira, kijana mwenye adabu, kofia ngumu mpya inayong'aa. Akaelekeza kidole juu: "Mbona bado kuna moshi?" Swali zuri. Meli yetu inatumia mafuta mazito baharini, na mafuta hayo yakipoa huwa kama lami. Lazima yapashwe moto muda wote, hata gatini, na injini kubwa nayo lazima ihifadhiwe ikiwa na joto ili iwe tayari kuondoka. Mvuke wa kufanya hivyo hutoka kwenye boila, na boila huchoma mafuta. Umeme wa gatini haugusi hapo. Kwa meli yetu boila ni ndogo, lakini kwa meli za mafuta zinazotumia mvuke kuendesha pampu za kupakulia shehena, boila ndiyo kila kitu, na plagi ingewasaidia kidogo mno. Kanuni za Ulaya zimeanza na makontena na abiria, na mimi naona sababu iko hapo: walianza na walio rahisi.

(California wana njia nyingine kwa wasioweza kuchomeka: tishari linakuja ubavuni likiwa na mkono mrefu, linavika kofia juu ya bomba lako la moshi na kuufyonza. Linasafisha masizi na oksidi. Kaboni haliigusi, na tishari lenyewe linakula nishati. Kwa mapafu ya jirani ni jambo jema. Kwa tabianchi ni kama kufagia uvunguni.)

Lakini pengo kubwa kuliko boila liko nje kabisa ya gati, kule tunapotia nanga. Kabla ya ile bandari ya kwanza niliyoisifu, tulikaa nangani siku nne tukisubiri nafasi. Siku nne, kilowati 1,000 hivi, jenereta juu ya jenereta. Daftari linasema tani 20 na zaidi za mafuta, ambazo ni kama tani 66 za kaboni dioksidi. Halafu tukaingia gatini, tukachomeka, tukaokoa tani 16 na nusu, tukapigwa picha. Ngoja ngoja ile iliumiza mara nne ya kile plagi ilichoponya. Na kinachouma zaidi, tulikuja mbio. Nguvu ya injini inakwenda na kipeo cha tatu cha mwendo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo: ukipunguza mwendo kwa asilimia 10, nguvu inayohitajika hushuka kwa karibu asilimia 27, na mafuta ya safari nzima kwa kama asilimia 19. Tungeambiwa mapema kwamba gati haitakuwa wazi hadi Alhamisi, tungetembea polepole na tusingetia nanga kabisa. Hilo halihitaji jengo la transfoma. Linahitaji bandari na meli kupeana saa ya kweli, na mikataba ya ukodishaji isiyomlipa mtu kwa kuwahi kufika foleni.

Kwenye hili naona hesabu za kimataifa zinasaidia na kuumiza kwa pamoja. Tangu Januari 2023 kila meli kubwa hupewa daraja la kila mwaka, A hadi E, kwa kugawa kaboni iliyotoa kwa uwezo wake wa mzigo na maili ilizotembea. Ukisimama nangani unachoma mafuta bila maili, daraja linashuka, hata kama kosa la kusubiri si lako. Ukichomeka gatini, umeme ule hauhesabiwi kwako, na daraja linapanda. Ndiyo maana nahodha wetu, ambaye mwanzoni aliona plagi kama usumbufu wa kumchelewesha kuondoka, sasa ndiye anayeniuliza kwa nini sijaunganisha. Meli yetu ni C. Ukipata D miaka mitatu mfululizo au E mwaka mmoja, unaandika mpango wa kujirekebisha. Mpango unaandikwa ofisini. Kujirekebisha kunafanyika kwangu.

Umeme wenyewe unatoka wapi? Mpaka mafuta aliniuliza hilo, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Pale kwenye gridi ya maji na upepo, zile tani 16 na nusu zimetoweka kweli. Pale kwenye gridi ya makaa ya mawe, tumehamisha bomba la moshi kutoka gatini kwenda mahali tusipopaona, na kaboni huenda isipungue. Bado watoto wanaokaa nyuma ya ukuta wa bandari wanapumua vizuri zaidi, na gridi inaweza kusafishwa kesho wakati jenereta yangu itakuwa ya dizeli hadi ikakatwe chuma chakavu. Kuna jambo la kodi pia, na hili lilinichekesha. Mafuta ya meli za kimataifa kwa kawaida hayatozwi kodi. Umeme unatozwa. Kwa hiyo aliyechoma dizeli alikuwa analipa kidogo kuliko aliyechomeka plagi, na serikali ileile ikawa inashangaa kwa nini soketi hazitumiki. Ujerumani na Sweden zililiona hilo mapema, zikaruhusiwa mwaka 2011 kupunguza kodi ya umeme unaouzwa kwa meli zilizo gatini. Waliochelewa wana soketi za buluu.

Tangu 2024 Ulaya pia inazidai kampuni za meli vibali vya kaboni, yaani walipie kila tani wanayotoa, kidogo kidogo: asilimia 40 ya kaboni ya mwaka huo, 70 ya 2025, na yote kuanzia 2026. Hapo mizani imeanza kuegemea upande wa plagi bila mtu kuhubiri. Ngazi ya dunia nzima bado ni mazungumzo. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari zilikubaliana kwamba usafiri wa baharini ufikie sifuri halisi, yaani usiongeze gesi joto angani kwa jumla, karibu na 2050. Aprili 2025 zikaridhia mpango wa kutoza kaboni, na Oktoba mwaka huohuo, zilipokutana London kuupitisha rasmi, wengi wakapiga kura kuahirisha kwa mwaka mmoja. Nilikuwa zamu siku hiyo. Asubuhi yake meli dada yetu ilikuwa imepangiwa kufungwa rili ya kebo kwenye chelezo. Jioni fundi mwenzangu wa kule akanitumia ujumbe kwamba kazi imesogezwa "hadi hali itakapoeleweka". Sijui kama mambo hayo mawili yanahusiana. Najua tu kwamba meli ile inaingia bandari ileile ya watu watatu wenye glavu, na haitachomeka.

Nyota zangu, basi. Huduma ya bandari ya kwanza ni tano kati ya tano. Ningependa watu wale wapewe kazi ya kufundisha wengine. Ya pili, ambayo sijaisimulia kwa kuwa hakuna la kusimulia, ni nne: ilifanya kazi, ila walitumia saa mbili na nusu kutafuta adapta. Ya tatu ni tatu na nusu kwa vifaa na moja kwa zamu ya usiku. Ya nne ni sifuri, na rangi ya buluu nawaachia. Kwa jumla naipa tatu na nusu, na iliyobaki itarudi siku nitakayotoka baharini nikaambiwa saa ya kuingia gatini na ikawa ndiyo saa.

Kwa mafundi wenzangu mnaokwenda kuungana mara ya kwanza: tumeni michoro kabla hamjaombwa, na muwe na nakala ya karatasi, kwani kompyuta za gatini hazifungui faili zetu. Jaribuni mzunguko wa dharura kebo zikiwa hazina umeme, msiamini alama ya tiki ya safari iliyopita. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye ubao wa zamu kwamba rili iko kwenye kujiendesha, na mpeni ofisa wa zamu wa sitaha jukumu la kuitazama kila saa maji yanapobadilika. Na yule jamaa wa gatini asishuke ngazi kabla hamjapata namba ya simu ya mtu atakayempokea usiku, jina lake, na uhakika kwamba ufunguo anao yeye.